Unga Uliogeuka Mchungu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula alichofunikiwa na mama yake, kisha akavuka barabara kwenda kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake. Alipanga ndoo za wateja kwa zamu, akaukung'uta mfuko mrefu wa kitambaa uliotoa unga, na akafagia sakafu kabla haijawa nyeupe yote. Kwenye daftari la shule alikuwa na jina lingine. Chiriku aliitwa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Pale kwenye mashine kila mtu alijua jambo moja. Mahindi ya mtu yakiisha kusagwa, unga kidogo hubaki ndani ya mashine, na anayefuata huuchukua pamoja na wake. Hakuna aliyelalamika. Wanawake walitaniana tu. "Leo nasaga nyuma yako, shoga. Nikipika vizuri sifa zako, nikiunguza lawama zangu." Hivyo katika kila nyumba ya mtaa ule palikuwa na chembe za unga wa nyumba nyingine.

Kisha unga ukaanza kuwa mchungu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mke wa seremala. Alirudi na bakuli mkononi, akamwambia Mjomba aonje. Mjomba alionja, akatema, akasema pengine mahindi yalivunda ghalani. Kesho yake akaja mwingine, na keshokutwa wawili. Watu wakaanza kuonja unga wao pale pale mlangoni, huku wakitazamana.

Ukuta wa mashine uliungana na kibanda cha Kinyozi. Akikosa kichwa cha kunyoa, alihamisha kigoda chake akakaa na watu wa foleni. Alikuwa mcheshi, na watu huanza kumcheka mcheshi hata kabla hajafungua kinywa.

"Mimi si mganga wala sipigi ramli," alisema siku hiyo. "Nauliza tu. Unga wetu ulikuwa mtamu miaka yote. Ni nini kimeongezeka hapa mtaani?"

Macho yote yalikwenda kwenye ndoo ya kijani iliyokuwa katikati ya foleni. Mwenye ndoo alikuwa mjane aliyehamia mtaani na binti yake baada ya mafuriko kubomoa mji wao. Familia nyingine chache zilikuja pamoja nao. Walivuta maneno kidogo mwishoni wanapozungumza, na kwa hilo tu mtaa uliwajua, ukawaita wakuja. Mjane aliishi kwa kuuza unga sokoni, kibaba kwa kibaba. Binti yake alisoma darasa moja na Chiriku, na kwa sauti yake ndogo wenzake walimwita Mpole.

Chiriku aliinama kuisogeza ile ndoo. Aliona vumbi la kijivu juu ya mahindi. Hakujua ni nini. Lakini alihisi ameona jambo, na mdomo wake ukamwasha.

"Kinyozi," alinong'ona, "mahindi yake yana vumbi. La kijivu."

Kinyozi aliinua nyusi. "Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Kufikia jioni, vumbi la kijivu lilikuwa limekuwa dawa. Asubuhi yake likawa sumu ya panya. Chiriku alisikia maneno yake yakimrudia kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuzungumza nao, yakiwa yamenenepa njiani.

Tangu hapo mtaa ukawa na macho mengi. Mjane akisimama dukani, mtu alisimama nyuma yake kutazama anachogusa. Akichota maji bombani, waliofuata waliyamwaga ya kwanza. Kinyozi alitunga msemo, "Ukisaga nyuma ya mkuja, weka beseni la kutapikia karibu," na watoto wakaupeleka shuleni. Darasani, Mpole alipopita kati ya madawati, wenzake walifunika vikombe vyao kwa viganja. Chiriku naye alifunika chake. Mpole aliona, akaenda kuketi mahali pake.

Mama yake Chiriku, aliyekuwa mshonaji, alisikia msemo ule kwa wateja wake. Alikwenda kwenye mashine kumwona kaka yake.

"Kaka, maneno haya yanasemwa mbele yako. Yazuie kabla hayajamuumiza mtu."

Mjomba alicheka huku akijipangusa unga kwenye nyusi. "Dada yangu, mimi nasaga mahindi, sisagi midomo ya watu. Nchi huru hii. Kila mtu na aseme lake."

Kinyozi alipiga makofi. "Sikilizeni mwanamume huyo."

Siku chache baadaye utani ulibadilika rangi. Kinyozi hakuuliza tena. "Hawa watu ni kama fukusi wanaotoboa mahindi ndani ya gunia," alisema. "Fukusi habembelezwi. Hutolewa, gunia likapona." Baadhi walicheka. Wengine hawakucheka, lakini hawakumpinga, na mmoja wao alikuwa Mjomba. Wateja wakamwambia achague, ama wao ama mjane. Mjane alipoleta ndoo yake, Mjomba alimpokea mlangoni bila kumtazama usoni.

"Dada, subiri kwanza hali itulie."

"Nisubiri nikila nini, kaka?" mjane aliuliza. Alijitwika ndoo akarudi alikotoka. Mashine nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na huko nako maneno yalikuwa yamemtangulia. Haukupita muda, mwenye nyumba wake akamwambia ahame kabla ya wiki kwisha, maana hataki chumba chake kichomwe na watu wenye hasira.

Sasa mjane hakuwa akisaga tena pale. Lakini unga uliendelea kuwa mchungu.

"Sumu yao imeganda ndani ya mashine," Kinyozi alieleza, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Chiriku hakukubali. Alikuwa akiifagia ile sakafu kila siku, na kitu kilichoganda aliona hupungua kila unga mpya unapopita. Uchungu huu ulikuwa ukizidi. Akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku mke wa seremala kwa kuwa ndiye aliyeanza kulalamika. Akamshuku hata Kinyozi, kwamba labda anatia kitu ili apate la kuzungumza. Alitembea akinusa ndoo za watu mpaka mama mmoja akamuuliza kama ameajiriwa na paka.

Jumamosi, kwa kuwa shule ilifungwa, alishinda kwenye mashine tangu asubuhi. Alilamba unga wa mteja wa kwanza. Ulikuwa mtamu. Akalamba wa pili na wa tatu, nao ulikuwa salama. Mashine ilipochemka, mchana, uchungu ukaanza. Nao ulikuwa na harufu. Chiriku alifumba macho kuikumbuka harufu ile. Ilikuwa harufu ya mnyororo wa baiskeli.

Mjomba alipoizima mota ili ipumzike, Chiriku alizunguka upande wa nyuma, pale chuma kinachozunguka kinapoingia tumboni mwa mashine. Alipitisha kidole chini ya mpira unaokizunguka chuma hicho. Mpira ulikuwa umepasuka. Kidole kilitoka cheusi.

"Unatafuta nini huko?"

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake. Chiriku alimwonyesha kidole. "Mjomba, grisi inayeyuka. Inaingia kwenye unga."

Mjomba alikitazama kidole kwa muda, kisha akachukua tambara akakifuta yeye mwenyewe, taratibu. Kufuta kule kulimtia Chiriku shaka kuliko grisi yenyewe. Mjomba hakushtuka.

"Ulijua," Chiriku alisema.

"Nimeagiza mpira mwingine. Unakuja." Mjomba aliteremsha sauti. "Mpwa wangu, watu wakijua, wote watahamia mashine ya ng'ambo. Na ada yako ya shule inatoka wapi? Hujaona kitu. Funga mdomo wako."

"Lakini mama yake Mpole anafukuzwa."

"Nimesema funga mdomo."

Chiriku alitoka nje. Kinyozi, ambaye hakuona kitu, alikuwa ameachwa aseme apendavyo, mbele ya Mjomba yule yule, kwa jina la uhuru. Yeye aliyeona kwa macho na kugusa kwa kidole ndiye aliyeamriwa kunyamaza. Tangu lini Mjomba alijua? Alijua siku ile alipotema unga? Alijua alipomzuia mjane mlangoni? Kila swali lilizaa jingine, na hakuna lililokuwa na jibu zuri.

Alimkuta mama yake kwenye cherehani, akamweleza yote. Alianza na vumbi la kijivu alilolisema yeye mwenyewe, akamaliza na grisi. Mama alisimamisha cherehani. Midomo yake ilichezacheza, na Chiriku alijua anaomba.

"Ni kaka yangu tumbo moja," Mama alisema hatimaye. "Ninaona haya kumwaibisha. Lakini nikinyamaza, nitamwambia nini Mungu anayemwona mjane yule? Vaa viatu."

Walipitia kwa Mama Mwenyekiti wa mtaa, lakini walimkuta anafunga mlango kwa haraka, kwani alikuwa amekwisha kuitwa. Watu walikuwa wamejaa uani kwa mjane. Walipofika, godoro lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani, na seremala alikuwa akitoka na meza. Mjane alisimama kizingitini. Mpole alikuwa ameshika upindo wa nguo ya mama yake kama mtoto mdogo. Kinyozi alikuwa mbele, na Mjomba alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango.

"Wekeni chini," Mama Mwenyekiti alisema. "Nani amewatuma?"

"Mtaa," alijibu seremala.

"Mtaa hauna mikono. Wewe unayo. Weka meza chini."

Meza iliwekwa. Mama alimsukuma Chiriku mbele kwa upole. Chiriku aliyezoea kusema alijikuta anatafuta neno la kuanzia. Aliangalia watu. Kila uso ulimtazama kana kwamba naye ameficha kitu, na kweli alikuwa ameficha.

"Unga si mchungu kwa sababu yao," alisema. "Ni grisi. Mpira wa mashine umepasuka. Asubuhi unga ni mzuri, mashine ikichemka unaharibika. Nimeonja. Na lile vumbi la kijivu ni mimi niliyelisema. Sikujua ni nini. Nilisema tu."

Kisha mtu mmoja akaguna, "Mtoto kafundishwa huyo. Wamempa nini?"

"Basi twende tukaone," Mama Mwenyekiti alisema. "Na mjane atakuja pia. Tulizungumza habari zake bila yeye, na ndiyo maana tuko hapa."

Walikwenda wote. Mjomba alijaribu kusema funguo ziko nyumbani, lakini dada yake alipomtazama, aliingiza mkono mfukoni akazitoa. Mfuniko wa nyuma ulifunguliwa. Ndani, unga na grisi vilikuwa vimeshikana kuwa tope jeusi. Mke wa seremala alichukua kidogo kwa ukucha, akanusa, akagusisha ulimi. Aligeuza uso.

"Ndio wenyewe," alisema. "Ndio uchungu wenyewe."

Mjomba aliketi juu ya gunia akashika kichwa. "Niliogopa kukosa wateja," alisema. "Nilimwona mjane ananyooshewa kidole, nikaona heri kidole kiende huko."

Kinyozi alijipenyeza mbele. "Haya, nilikosea. Mtu hukosea. Lakini mimi sikumgusa mtu. Nilisema tu. Sasa mnataka kutuwekea kufuli midomoni? Leo mtanizuia mimi kwa kuwa neno langu ni baya. Kesho mkubwa fulani atasema neno la mtoto huyu ni baya, naye atanyamazishwa."

Wengi walitikisa vichwa kukubali, maana maneno yale yalikuwa na uzito. Mama Mwenyekiti naye hakuyabeza.

"Usemalo ni kweli, na linanitisha, kwa sababu mkubwa huyo anaweza kuwa mimi. Tena halikungoja kesho. Leo hii mtoto huyu ameambiwa afunge mdomo." Mjomba aliinamisha kichwa zaidi. "Ndiyo maana sitaki kufuli kubwa. Ukiniona mimi mwizi, sema. Ukiona mashine mbovu, sema. Ukikosea, tutakusahihisha, hatutakufunga. Hata ukiwa humpendi jirani yako, hilo ni lako na Mola wako. Lakini ukiwaita watu fukusi, ukawaambia wengine wawatoe, hapo umekwisha kutuma mikono."

"Sikubeba godoro la mtu mimi."

"Aliyelibeba yupo. Seremala, neno la kuwatoa ulilisikia wapi?"

Seremala alijikuna kidevu. "Kwake. Nikinyolewa."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha aibu. Kinyozi hakucheka.

"Tukubaliane," Mama Mwenyekiti aliendelea. "Kwenye foleni hii, anayemtuhumu mtu aseme alichokiona, na mtuhumiwa aitwe ajibu. Anayewataka watu wapigwe au wafukuzwe ataitwa mbele ya baraza la mtaa. Na anayelalamikia mashine, au bei, au mwenyekiti, asiguswe na mtu."

"Na vichekesho?" Kinyozi aliuliza.

"Chekesha. Anza na wewe mwenyewe."

Mjomba alisimama, akamwendea mjane. "Dada, nimekukosea. Mpira ukija nikarekebisha mashine, utasaga bure kwangu."

Mjane alikuwa hajasema neno tangu uani. Alimtazama Mjomba kwa makini, kama mtu anayekagua noti ya bandia. "Bure sitaki," alisema. "Ukinisagia bure, kesho watauliza umenilipa nini. Nataka zamu yangu. Nikifika wa tatu, nisage wa tatu."

Seremala mwenyewe ndiye aliyerudisha meza na godoro ndani. Mwenye nyumba alikuja jioni, akakohoa sana, akasema lile neno la kuhama halikuwa na haraka. Mama Mwenyekiti akamtaka aseme wazi kwamba halipo. Akasema halipo.

Mpira ulipokuja, Mjomba aliifungua mashine mbele ya watu, akaiosha, akawataka waonje asubuhi na waonje tena mchana. Mjane alileta ndoo yake. Alifika wa tatu. Chiriku aliisogeza mahali pake, akaona watu waliofika baadaye wanasita mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Grisi ilikuwa imekwisha kutoka, lakini shaka ilikuwa bado ndani. Mke wa seremala aliwatazama, akasonya, akaiweka ndoo yake nyuma ya ile ya kijani. Wengine wakafuata.

Mpole alikuwa amekaa kwenye ngazi. Chiriku aliketi karibu, si karibu sana.

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyesema kuhusu lile vumbi."

"Nilisikia uani," Mpole alisema. "Ni majivu. Tunayapaka mahindi yasiingiwe na fukusi, kisha tunayapepeta. Ungeniuliza ningekuambia."

"Nitakuuliza siku nyingine."

"Tutaona," alisema Mpole. Hakutabasamu, lakini hakuondoka.

Jioni, wakirudi nyumbani, Chiriku alimuuliza mama yake kwa nini Mpole hajamsamehe, ilhali amesema ukweli mbele ya mtaa mzima.

"Mwanangu," Mama alisema, "neno baya ulilisema kwa kunong'ona, nalo likakaribia kumfukuza mtu nyumbani kwake. Usitegemee neno moja la toba lifanye kazi yote siku hiyo hiyo. Ulikosa kwa kusema usichokijua, na ungekosa tena kwa kunyamazia ulichokijua. Mungu alikupa ulimi ulio huru, wala simwombi akufunge. Namwomba kila siku, kabla hujausema uovu wa mtu, akukumbushe kwenda kwanza kumuuliza mwenyewe."

Asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alipita njia ya nyuma, akabisha hodi kwa mjane, akamngoja Mpole watoke pamoja.